Spesa za Kaka Meder

3 Julai

Kaka Meder amekuja kutoka Bishkek na zawadi. Alifungua buti akatoa spesa nne, yale madude manene ya mviringo yanayowekwa kati ya habu, kile kitovu cha chuma cha ekseli, na gurudumu ili matairi yatokeze nje na gari lionekane limetanua mabega. Mimi ndiye niliyeziomba. Masika, uani kwa mama yetu, gari letu lilisimama kando ya lile la wifi Cholpon, nikasema mbele ya watu kwamba letu limesimama kama mbuzi aliyebanwa na mkojo. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Nitalitanua miguu, dada yangu," akasema. Ametimiza.

Mume wangu, Toktosun, alizigeuzageuza mkononi. "Hili tundu la katikati si kubwa kidogo?"

"Shemeji, wewe zifunge tu. Mjini kila mtu anazo."

Zikafungwa. Ene, mama mkwe wangu, alikuwa kizingitini akipasua aprikoti na kutoa kokwa. Akasema, "Gari limevaa viatu vya mtu mwingine." Nikamwonea aibu mbele ya kaka yangu.

Kaka alipoondoka nilichukua kitambaa cha vioo nikafuta rimu zote. Majirani walipita polepole. Niliwaambia ni zawadi ya kaka, hata wale ambao hawakuuliza.

4 Julai

Nimetandaza aprikoti juu ya paa la banda. Jua kali, nyuki wengi.

8 Julai

Toktosun karudi na uso uliokunjamana. Yeye hubeba abiria kutoka hapa Kajisai mpaka Bishkek, na barabara ya ziwani sasa ni mpya, watu wanataka mwendo. Anasema akipita tisini usukani unaanza kutetemeka, na akifika mia mikono inakufa ganzi. Akishuka chini ya themanini, kimya, kama hakuna lililotokea. Mama mmoja alimwuliza kama gari lina homa.

"Labda ni barabara," nikasema.

"Barabara ni ileile ya wiki iliyopita, Mama Nurai."

10 Julai

Amepeleka matairi kwa Anarbai, fundi wa kubalansi. Yamezungushwa kwenye mashine, yamebandikwa vipande vya risasi vya kusawazisha uzito. Amejaribu. Bado linatetemeka.

12 Julai

Mvua. Tumekimbia na maturubai, mimi na Ene, kila mmoja upande wake wa paa. Nusu ya aprikoti zimelowa.

15 Julai

Amerudi kwa Anarbai. Anarbai ameyazungusha tena, akamwambia, "Toktosun, hapa kwangu huna ugonjwa. Matairi yametulia kama yai kwenye kiota. Tafuta kwingine." Basi amekagua bushi, amekagua breki, amebadilisha tairodi. Ameyahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo umebaki palepale, kwenye usukani.

"Kwa hiyo si matairi," akasema wakati wa chai. "Yangekuwa matairi, ungehamia nyuma nayo."

Nilimwambia anipitishie mkate. Nimechoka na habari hizi. Pale stendi madereva wenzake wamepata mchezo. Wanasema ukipanda na Toktosun na ndoo ya maziwa Kajisai, Bishkek unashuka na siagi. Mke wa Anarbai ndiye aliyenihadithia, huku akijifanya anasikitika.

19 Julai

Nilikwenda Balikchi kuuza aprikoti. Niliporudi Toktosun alikuwa ananawa mafuta mikononi, ametulia kuliko siku zote. Akaniuliza kama kaka Meder bado anapita hapa Jumapili. Nikasema ndiyo. Akarudi chini ya gari.

23 Julai

Sasa anaendesha themanini, hapiti. Abiria wanamkimbia. Vijana wanataka kufika Bishkek kabla ya saa sita, nao wanapanda magari ya wengine. Leo kaondoka na abiria mmoja, mzee kiziwi.

Nilimwambia, "Baba Nurai, hata farasi wa marehemu baba yako angekupita."

Akasema, "Farasi wa baba alikuwa mzuri," akaenda kumwagilia viazi.

Kila alfajiri namsikia akizunguka gari na spana, anakaza nati za magurudumu. Anakaza zilizokwisha kukazwa. Mwanamume aliyeshindwa na jambo hutafuta la kushikashika.

2 Agosti

Nimerudi jana kutoka Bishkek, kwenye karamu ya nyumba mpya ya kaka Meder. Naandika kwa sababu nina furaha, au nilikuwa nayo mpaka nilipochukua kalamu.

Tulichelewa kwa sababu ya themanini zetu. Watu walikuwa wamekwisha kukaa, ukumbi umejaa, jamaa zetu wote na wa wifi Cholpon pia. Nyama ilikuwa inagawiwa. Kaka alisimama na kisu mkononi akapaza sauti: "Haya, shemeji kafika! Lile gari linatetemeka, au ni wewe unayetetemeka?"

Watu wakacheka. Toktosun naye akacheka, akatafuta pa kukaa.

Wangeishia hapo. Lakini wote waligeuka kunitazama mimi, nami nilikuwa nimevaa gauni langu la kijani, na kwa mara ya kwanza mwaka huu watu wa mjini walikuwa wananisikiliza. Nikasema, "Kaka, msimcheke mume wangu. Kazi yake ina faida mbili. Nilipanda na ndoo ya maziwa, nimewaletea siagi."

Ukumbi ulipasuka. Wifi Cholpon alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Basi nikaongeza, kwa kuwa ulimi ukishanoga hauna breki: "Mwezi mzima yuko chini ya gari. Gari lingekuwa mke, lingekwisha kuzaa."

Walicheka zaidi. Toktosun alikuwa ameshika kipande cha nyama. Hakukila, hakukirudisha. Alikitazama tu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Njiani kurudi nilimwuliza kama amekasirika. Akasema hapana, utani ni utani. Tukapita korongo la Boom kwa themanini, malori yakitupigia honi.

6 Agosti

Upepo kutoka ziwani. Umepeperusha turubai mpaka kwa jirani.

9 Agosti

Aprikoti za mwisho. Mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu.

14 Agosti

Leo nimeambiwa jambo, na tangu niambiwe sijui niuweke wapi uso wangu.

Tulikuwa tunajaza aprikoti kavu magunia, mimi na Ene. Nikaanza tena wimbo wangu kuhusu gari, kwamba msimu unakwisha, kwamba mwanawe angekuwa na akili angeshajua ugonjwa. Ene aliendelea kujaza. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Anaujua."

"Anajua nini?"

"Ile siku uliyokwenda Balikchi. Alivitoa vile viatu vya kaka yako, vyote vinne, akafunga magurudumu kama zamani. Akanichukua tukaenda hadi Tosor na kurudi. Alilikimbiza, mwanangu! Kitambaa changu karibu kiruke. Aliachia usukani akaushika kwa kidole kimoja, akaniambia, Ene, tazama, limelala kama mtoto. Alikuwa anacheka."

"Halafu?"

"Halafu ukarudi, wewe na habari zako za kaka yako kuja Jumapili. Akavirudisha."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Ene alifunga mdomo wa gunia, akavuta kamba kwa meno.

"Wewe ulikuwa unacheka," akasema. "Mwenye kucheka hasikii."

Tarehe kumi na tisa Julai. Karamu ilikuwa tarehe mosi Agosti. Alipokuwa ameshika kile kipande cha nyama, alikuwa anajua. Angesema neno moja tu, "Ni spesa zako, shemeji," na kicheko chote kingegeuka kimwelekee kaka yangu na mimi. Hakulisema.

16 Agosti

Nimemwuliza. Alikuwa anakaza nati zake za alfajiri. Aliniita nichungulie, akafungua gurudumu moja, akaniwekea spesa yake juu ya habu. Tundu la katikati kweli ni kubwa. Inachezacheza, haishiki kitovu, kwa hiyo gurudumu linaning'inia kwenye boliti tu, nalo halikai katikati sawasawa. Ukienda polepole huhisi kitu. Ukikimbia, linapigapiga. Na kwa kuwa spesa ni nene, nati zinapata uzi mfupi wa boliti wa kushika. Ndiyo maana anakaza kila siku.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ulizifuta kwa kitambaa cha vioo, Mama Nurai. Ulisimama barabarani mpaka jioni. Ningekuambia nini? Kwamba kaka yako kakuletea takataka?"

"Uzitoe basi."

"Zawadi ni ya kwenu. Mwambie kaka yako kwanza, asije akaja akakuta hazipo akasema nimemdharau. Mkishaelewana, nazitoa siku hiyohiyo."

Nikasema nitampigia kaka simu leo.

17 Agosti

Sijapiga simu. Kaka huwa na kazi nyingi mwisho wa wiki.

19 Agosti

Sijapiga simu. Mvua nyembamba, milima haionekani.

21 Agosti

Kaka kapiga mwenyewe, anakuja Jumamosi kuchukua aprikoti kavu. Nilikuwa na simu sikioni. Akauliza, "Na lile gari la siagi?" Nikacheka. Nilicheka! Sikusema kitu.

Toktosun alikuwa anamenya viazi karibu yangu. Aliendelea kumenya.

24 Agosti

Leo naandika yote kwa mpangilio.

Kaka Meder alikuja asubuhi, akala, akalipiga tairi la gari letu teke dogo. "Leo nitawaonyesha hakuna ugonjwa hapa. Ugonjwa ni dereva. Nipe ufunguo, shemeji." Ene alikuwa anataka kwenda Tong kwa dada yake, kaka akasema atampeleka yeye, na sisi tupande tuone gari linavyoendeshwa.

Toktosun alikuwa amechukua spana. "Ngoja nikaze nati kwanza. Leo sijakaza."

"Unazikaza kila siku kama bibi anayefunga kitambaa mbele ya kioo! Panda bwana."

Toktosun alinitazama. Nami nilijua alichokuwa ananiomba. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi tatu. Nikasema, "Panda, Baba Nurai, tunachelewa."

Akapanda nyuma, karibu na mama yake, na spana yake mapajani.

Ukishatoka Kajisai barabara imenyooka. Kaka alikwenda tisini, mtetemo ukaanza, akasema "Si kitu." Akaenda mia, vijiko vikagongana ndani ya sanduku la dashibodi. Toktosun akasema, "Shemeji, punguza." Kaka akasema mtetemo kama huu ukiupita kwa kasi unaisha, akakanyaga. Kwa kweli ulipungua kidogo. Aligeuka kuniambia, "Umeona?"

Kisha kikasikika kishindo cha chuma, na mbele yetu nikaliona gurudumu letu wenyewe likitutangulia barabarani, likiruka kwa furaha, likaingia kwenye nyasi kuelekea ziwani. Gari liliinamia kushoto, likaburuza chuma na kutoa cheche, likazunguka, likasimama kwenye changarawe, inchi chache kutoka kwenye mti wa mpopla. Hakuna lori lililokuwa linakuja. Namshukuru Mungu.

Ene alikuwa ameshika kiwiko chake, na mkono chini ya kiwiko ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Magari yalisimama. Dereva mmoja wa stendi yetu, Joldosh, alikuja mbio. Toktosun alikuwa amepiga magoti anamfunga mama yake mkono kwa kitambaa na ile spana, hakumtazama mtu. Na kaka yangu akasimama katikati ya barabara, mweupe kama karatasi, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Hakukaza nati huyu! Ametupandisha bila kukaza nati!"

Joldosh akanigeukia. "Kweli, dada?"

Watu walinitazama, kama kule ukumbini. Nikasema: "Mambo ya magari mimi siyajui."

Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema vingine. Ndivyo nilivyosema. Toktosun alisikia. Mgongo wake ulisikia. Na Ene, aliyekuwa anauma meno kwa maumivu, aliinua macho akanitazama, bila hasira. Ningependa yangekuwa na hasira.

25 Agosti

Hospitali ya Balikchi. Mifupa miwili, plasta mpaka juu ya kiwiko.

27 Agosti

Toktosun kavuta gari hadi nyumbani. Boliti zote za gurudumu la kushoto zimekatika au zimenyofoka uzi. Spesa amezitoa zote, ameziweka kwenye gunia la makokwa. Pale stendi, nasikia, sasa hawatanii tena. Wanasema Toktosun aliwapandisha watu bila kukaza nati, na mama yake mzazi alikuwemo. Utani ulikuwa afadhali.

29 Agosti

Nimemwomba radhi. Nilikuwa naosha vyombo, yeye anakunywa chai. Nilisema yote: karamu, simu, barabara. Nililia kwenye maji ya vyombo.

Akangoja nimalize. Akasema, "Ulinicheka ukumbini, unaniomba radhi jikoni."

Akaweka kikombe chake kwenye beseni langu, polepole, kisivunjike.

30 Agosti

Nasikia maneno yale kila ninapoingia jikoni.

1 Septemba

Baridi ya kwanza. Ene anaomba nimsuke nywele, mkono mmoja hautoshi. Nilimsuka. Nikamwambia, "Ene, pale barabarani nilisema uongo."

"Nilikuwepo," akasema. "Kaza kidogo hapo nyuma."

6 Septemba

Jamaa walikuja kumjulia hali Ene: wetu kutoka Bishkek, majirani, madereva wa stendi, Anarbai na mkewe. Kaka Meder alikuja na kondoo mzima, na wifi Cholpon, na mama yangu. Nilipika tangu alfajiri. Nilipika vizuri kwa sababu nilikuwa naogopa.

Walipokaa, kaka alianza kutoa pole. Alisema mengi mazuri, akafikia kusema kwamba ajali hutokea penye uzembe mdogo, na kwamba yeye amemsamehe shemeji yake mbele ya wazee.

Amemsamehe! Toktosun alikuwa anamimina chai. Akamimina hadi mwisho wa meza, kila kikombe.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya maandazi. Sikuiweka chini. Nadhani ningeiweka chini ningekimbia. Nikasema:

"Nati alitaka kuzikaza. Alikuwa na spana mkononi. Kaka ulimkataza, na mimi nikamwambia apande."

Mama yangu akasema kwa sauti ndogo, "Begimai, leta maandazi."

"Naleta, Apa. Mtetemo ulikuwa wa spesa. Tundu lake ni kubwa, gurudumu halikai. Toktosun alijua tangu Julai, na aliziacha ili nisiaibike mimi na kaka yangu. Nami nikamfanya kichekesho mbele yenu. Mlicheka kwa sababu mimi niliwachekesha. Na siku ya ajali Joldosh aliniuliza, nikasema sijui mambo ya magari. Nilikuwa najua. Nilishaonyeshwa."

Kaka Meder alisimama. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Kwa hiyo mimi nilitaka kumuua mama mkwe wako? Kwa zawadi?"

"Hapana, kaka. Ulinipa nilichokuomba. Niliomba gari lionekane."

"Nimebeba kondoo, nimekuja na mama, ili nitukanwe?"

"Sikutukani. Najitaja mwenyewe, na wewe umo ndani. Siwezi kukutoa."

Aliondoka. Wifi Cholpon alimfuata. Mama yangu alibaki muda wa kumalizia chai yake, akaondoka bila kunibusu. Joldosh alimwangalia Toktosun, akasema, "Ungetuambia, ndugu yangu," na Toktosun akasema, "Na nyie mngeuliza." Mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha kawaida, na Anarbai akaomba apewe nyama.

Nilifikiri baada ya kusema nitajisikia mwepesi. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu na bado nina sinia mkononi. Maandazi yalikuwa yamepoa. Waliyala.

7 Septemba

Mama hajapiga simu. Toktosun alikunywa chai yake jikoni, akakaa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

13 Septemba

Boliti mpya, habu imesuguliwa kutu. Gari liko sawa. Abiria watatu leo.

14 Septemba

Mama amepiga. Aliongea na Ene tu.

20 Septemba

Tumempeleka Ene Balikchi kuangaliwa mkono. Ziwa lilikuwa tulivu, mipopla imeanza kuwa ya manjano. Toktosun alikwenda mia, usukani haukutikisika hata kidogo. Nilikuwa nautazama ule usukani njia nzima. Ilikuwa rahisi kuliko kumtazama mwenye mikono iliyoushika.

Tulipopita Tong, Ene akasema kutoka nyuma: "Mbona kimya hivi?"

"Gari limepona, Ene," Toktosun akasema.

"Sikuuliza habari za gari."

Nilitaka kusema kitu na kila nilichokifikiria kilikuwa kama cha mtu anayetaka kusifiwa. Nikanyamaza, safari hii kwa sababu sikuwa na haki ya kuanza mimi.

Kabla ya mji, pale wanawake wanapouza samaki wa moshi waliotundikwa kwenye kamba, alisimamisha gari. "Unataka?" akaniuliza, akitazama mbele.

"Nataka."

Akashuka. Nilimwona kupitia kioo akipita kamba ya kwanza, ya pili, akimbonyeza samaki mmoja tumboni, akimwacha, akimbonyeza mwingine. Muuzaji alisema kitu, yeye akatikisa kichwa, akaenda kamba ya tatu. Alirudi na samaki wawili kwenye gazeti. Mmoja mnono alimpa mama yake. Wa pili aliniwekea mapajani, akawasha gari.

Nilimfungua. Alikuwa na mayai, ndivyo ninavyowapenda. Na msimu wa samaki wenye mayai umekaribia kwisha, huwapati bila kutafuta.